Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Madaftari ya Kodi

Wanachama wapendwa,

Mwaka huu kazi yetu karibu yote ilikuwa katika madaftari ya kodi na leja za wilaya, yaani vitabu vya hesabu, zilizomo Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Baadhi yenu mlinung'unika kwamba tunawaletea hesabu badala ya historia. Naomba mnisikilize.

Kodi ya vibanda ilianza kutozwa mwaka wa 1901. Kodi ya kichwa, iliyodaiwa mtu mwenyewe hata asiye na kibanda, ikafuata 1910. Serikali ya kikoloni ilitaka pesa, tena ilitaka wanaume walazimike kwenda kuzitafuta kwenye mashamba ya walowezi. Lakini karani hawezi kudai kodi bila kujua anamdai nani. Ikabidi aandike: mwenye boma, chifu wake, idadi ya vibanda. Wengi wetu babu zetu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha ubatizo, kwa hiyo huenda jina lao liliandikwa hapo kwa mara ya kwanza. Wake zao mara nyingi hawamo kwa majina. Wamo kama vibanda, kwa kuwa kwa kawaida kila mke alikuwa na kibanda chake. Ukiona vibanda vitatu kando ya jina la babu, nyanya yako yumo katika hiyo tatu. Nilipolitambua hilo nilifunga daftari, nikakaa kimya kwa muda.

Wanaosoma leja za 1920 hadi 1922 wawe waangalifu na sarafu. Rupia ilitoka, ikaja florini, kisha shilingi ya Afrika Mashariki. Florini moja ilikuwa shilingi 2, kwa hiyo 8 ya safu moja na 16 ya safu nyingine zaweza kuwa pesa zilezile. Mwanachama mmoja alikwisha kuandika kwamba kodi ya kijiji chao iliongezwa maradufu kwa mwaka mmoja. Tulirekebisha kabla haijasambaa.

Leja za Mabaraza ya Wenyeji, yaani mabaraza ya Waafrika ya wakati wa ukoloni yaliyoundwa kuanzia 1924, tumezigusa kidogo tu. Humo mtu anaona wazee wakichangisha fedha za shule wakati serikali inasitasita. Kamati iendelee nazo.

Linaloninyima usingizi ni vitabu vya mabaraza ya kaunti ya baada ya uhuru. Serikali za kaunti zilipoanza 2013, mabaraza yale yalikoma, na vitabu vyake vikabaki stoo. Katika stoo moja tuliyoruhusiwa kuingia, risiti zilikuwa zimelowa na vocha za malipo zimegandamana kama matofali. Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, hairuhusu rekodi za umma kuteketezwa bila idhini, lakini mchwa haombi idhini. Tuliwaandikia wahusika barua mbili, hatujajibiwa. Ya tatu nitaipeleka kwa mkono wangu, na ninahitaji wanachama wawili wa kuandamana nami.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Wenye madaftari ya risiti za wazazi nyumbani, msiyachome wala kuyalaminisha kwa plastiki. Yaleteni mkutanoni tuyapige picha.

Mwenyekiti