Usimchanie mtoto daftari

Kwako shoga yangu wa Mafinga,

Ugonile mama. Huku Uyole baridi imeshika ile yenyewe, naandika nimekaa karibu na jiko la mkaa, watoto washalala. Juzi ulivonipigia ukalia alafu ukakata, nikasema haya mambo ya simu hayatoshi, acha nimwandikie nimalize yote nliyonayo moyoni.

Umesema binti anataka kuimba na juu yake kuigiza, na wewe umemwambia hakuna cha kuimba wala kuigiza, akasome unesi, na daftari lake la nyimbo umelichana. Hapo kwenye kuchana daftari ndo nimeumia kweli. Hivi la kwetu umelisahau? Kaunta buku kwaya tatu, tunakaa chini ya ule mparachichi wa kwenu na kaseti ya Whitney Houston, wewe unabonyeza mimi naandika, mstari mmoja tunaurudisha hata mara kumi, betri zikiisha nguvu tunazianika juani, na zikiwa zinaisha sauti ya Whitney inakua nzito inaburuza kama mlevi. Kiingereza chenyewe tulikua tunaandika tunavyosikia tu. Na ukiimba wewe ile ya juu mama yako anaacha kumenya viazi anakuja mlangoni kusikiliza, hilo siwezi kulisahau mpaka naingia kaburini.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu huyo huyo Whitney maana nimemfatilia sana huu mwaka, na nahisi kuna kitu pale ni chako kabisa.

Yule katokea kanisani kama sisi. Newark, New Jersey huko Marekani, kanisa la New Hope Baptist, mama yake Cissy ndo alikua anafundisha kwaya na yeye mwenyewe Cissy alikua mwimbaji wa kuitikia nyuma ya mastaa wakubwa, alishaimba nyuma ya Aretha Franklin na Elvis Presley, kwahiyo ule mziki alikua anaujua nje ndani na uchafu wake wote. Lakini mtoto hakumkataza. Alimfundisha, alafu watu wa kurekodi walipoanza kuja akawaambia subirini kwanza amalize shule. Amemaliza, 1983 ndo kasaini na Arista, kampuni ya kurekodi, albamu ya kwanza imetoka 1985. Umeona? Shule ilikuwepo na kuimba kulikuwepo, mama kasimama katikati kashika vyote viwili.

Alafu kama unaona achague moja, kuimba au kuigiza, mbona mwenzake hakuchagua. 1992 kaingia kwenye sinema ya The Bodyguard hajawahi kuwa na sinema kubwa hata moja, na ule mwanzo wa I Will Always Love You, wimbo tuliokua tunaurudisha kwenye kaseti, pale anapoanza peke yake bila chombo hata kimoja, lile lilikua wazo la Kevin Costner alieigiza nae, watu wa mziki walikua hawataki kabisa wanaona redio hazitaupiga. Yule kwenye sinema ni mwanamke anamuaga mtu, ndo maana inaanza kimya kimya vile. Dolly Parton aliuandika mwenyewe akautoa 1974 kwa utaratibu wa kwao wa kantri, Whitney akaukuta ndani ya stori ya sinema akautoa upya, ukakaa namba moja Marekani wiki 14. Kwahiyo kuigiza hakukuiba kitu kwenye kuimba, kulimpa namna ya kuimba.

Ila mimi muvi yangu sio hiyo, yangu ni The Preacher's Wife ya 1996, yupo na Denzel Washington. Humo ni mke wa mchungaji, anaimba na Georgia Mass Choir, kwaya ya kweli, na angalia siku ukipata uso wake wakati wenzake wanaitikia, anawageukia kidogo hivi kama wewe ulivyokua unatugeukia sauti ya pili tukichelewa kuingia. Hapo wala haigizi, yupo nyumbani.

Najua unachotaka kunijibu, utaniambia na alikufaje. Alikufa tarehe 11 Februari 2012 hotelini, ana miaka 48, na madawa yalikua yamemtesa miaka mingi, wala sikufichi. Ile hofu yako ni ya kweli. Na najua haijaanzia kwa Whitney, imeanzia kwa yule mtu wa studio aliekula hela ya magunia mawili ya viazi ya mama yako, kanda hakukupa mpaka leo, ukarudi kijijini ukaacha hadi kwaya. Nlikua na wewe siku ile stendi. Ulikua umekaa juu ya begi huongei.

Lakini shoga, sinema yake ya mwisho umeiona? Sparkle. Imetoka Agosti 2012 ameshazikwa. Humo ni mama ana mabinti watatu, yeye mwenyewe alijaribu kuimba zamani mziki ukamuunguza, sasa hataki wanae waguse huo mziki, anawabana na kanisa. Kuna sehemu anaimba kanisani, sauti sio ile ya kwenye kaseti yetu, imechoka, inakwaruza, na bado nililia hadi mwanangu akaniuliza kulikoni. Nilikua nakuona wewe, yaani hadi kile kidevu ukikasirika. Na mwishoni yule mama anakuja kumtazama binti yake stejini.

Basi ninachokuomba ni kidogo. Amalize fomu foo yake, hapo tuko pamoja na ntamwambia mwenyewe. Desemba mlete huku, kwaya yetu ina igizo la Krismasi na nyimbo zake, atalala kwangu, mazoezi ntaenda nae na kurudi nae, hakuna mtu wa studio atakaemsogelea mimi nikiwepo. Na wewe uje. Sauti ya kwanza tunayo lakini haina mtu wa ile ya juu.

Nimempa konda wa basi la asubuhi mfuko mweusi, umefungwa na kamba ya katani, kachukue stendi. Kuna koti la binti nimelitoa kwenye belo jipya la mitumba pale sokoni Sido, zipu nzima, na flashi yenye hiyo Sparkle, na kaunta buku kwaya tatu. Ukurasa wa kwanza nimeshaandika ule wimbo wetu, ubeti wa pili nimeusahau, muandikie wewe.

Ndaga fijo,
mwenzako wa sauti ya pili