Wake mmewahesabu, weusi mmewaruka

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi za kulinunua stendi ya Kigoma, likifika habari zake zimeshachacha, na sijawahi kuwaandikia. Hata mlipochapisha ramani iliyoihamishia Ujiji ng'ambo ya ziwa nilinyamaza. Lakini ile makala yenu ya kurasa mbili kuhusu ndoa za wake wengi za Wamormoni wa jimbo la Utah, Marekani, yenye picha ya mzee wa ndevu na wanawake waliopangwa nyuma yake, imeniharibia mambo ya ukoo, na sasa nasema.

Mimi naishi hukohuko Utah, West Valley City. Ni Mwislamu, kwa hiyo msidhani natetea kanisa langu. Mtoto wa kaka yangu, kijana mpole anayefanya kazi ghalani, alipeleka posa Ujiji. Barua ilipokelewa, kishika uchumba kikatolewa, tukafika kwenye mahari. Mara mshenga akanipigia simu usiku wa manane, sauti imenywea. Wazee wamelisoma gazeti. Ami yake binti anataka kujua kama kijana, kwa kuwa anaishi Utah, atalazimika kuongeza wake kwa mujibu wa sheria za huko. Mhariri, huyo ami ana wake wawili! Harusi ya huyo wa pili nilikuwepo, pilau nilikula. Nikaomba nipewe simu nizungumze naye, nikamkumbusha kwa adabu zote. Akanijibu kwamba yeye ameoa kwa sheria ya dini na anajulikana mtaani, lakini hao wa kwenye gazeti hawajui. Basi posa imesimama, na mahari imepanda, eti ni dhamana.

Mngeeleza sawasawa, simu ile isingepigwa. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (hilo ndilo jina lao, na tangu 2018 viongozi wao wameomba waitwe hivyo badala ya Wamormoni) lilitangaza kuachana na ndoa za wake wengi mwaka 1890. Serikali ya Marekani ilikuwa imeshawabana kwa sheria ya 1887 iliyoruhusu mali za kanisa kutaifishwa. Utah haikukubaliwa kuwa jimbo mpaka ilipoandika katika katiba yake kwamba ndoa hizo ni marufuku milele. Ikakubaliwa tarehe 4 Januari 1896. Leo muumini wao akiongeza mke anafukuzwa kanisani. Wanaoendelea ni vikundi vilivyojitenga, na wakiwa ni watu wazima waliokubaliana wenyewe, sheria ya jimbo ya 2020 inawachukulia kama wanaostahili faini tu. Haya yote ninyi mmeyamaliza kwa mstari mmoja chini ya picha, kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Na hilo bado si kubwa. Kubwa ni kwamba mwandishi wenu, Mwafrika, anayewaandikia Waafrika, ameujaza ukurasa kwa habari za vitanda vya watu, asiseme hata neno moja juu ya Mwafrika ndani ya historia hiyo. Mwaka 1852 yalitokea Utah mambo mawili. Mwezi Agosti kanisa lilitangaza hadharani kwamba ndoa za wake wengi ni fundisho lake. Lakini mapema mwaka huohuo, bunge la eneo lile lilipitisha sheria ya kuhalalisha utumwa wa mtu mweusi, na Brigham Young, rais wa kanisa na gavana kwa wakati mmoja, akatangaza kwamba mwanamume mweusi hapewi ukuhani, ambao kwao hupewa waumini wa kiume wa kawaida. Hili la wake liliwatoa roho wakubwa wa Washington. Zikatungwa sheria, watu wakafungwa, likaisha ndani ya miaka 38. Utumwa, Bunge la Marekani (Congress) liliufuta mwaka 1862 katika maeneo kama hayo yaliyokuwa hayajawa majimbo. Lakini lile la ukuhani likabaki, likarithishwa rais hadi rais, likapita vita mbili za dunia, likapita uhuru wa Tanganyika, likapita Azimio la Arusha, mpaka Juni 1978, Spencer W. Kimball alipotangaza kwamba amepokea ufunuo na sasa kila mwanamume anayestahili anaweza kupewa. 1978! Mimi nilikuwa nimeshazaliwa, nacheza rede. Na wala halikuwa la tangu mwanzo: mtu mweusi aitwaye Elijah Abel alipewa ukuhani mwaka 1836, mwanzilishi Joseph Smith akiwa hai. Abel alihamia Utah, akafanya kazi kwenye ujenzi wa hekalu la Salt Lake, na akakataliwa kupata ibada za hekaluni. Na Jane Manning James, muumini mwanamke mweusi? Mwaka 1843 yeye na ndugu zake walinyimwa safari ya meli njiani kwa ajili ya rangi yao, wakatembea kwa miguu maili zipatazo 800 hadi Nauvoo, Illinois, makao ya kanisa wakati huo, kumfuata nabii Smith. Alifika Utah mwaka 1847, akalea watoto, akatoa zaka, na katika uzee wake akawaandikia viongozi mara kwa mara akiomba ibada za hekaluni kama waumini wenzake. Mwaka 1894 wakampa jibu: akaunganishwa kwa ibada na familia ya Joseph Smith, kwa milele yote, kama mtumishi wao. Hata kuingia hekaluni kwa ibada hiyo yake mwenyewe hakuruhusiwa. Mwanamke mwingine alisimama badala yake. Akafa mwaka 1908 bado anaomba. Huyo ndiye mwanamke wa Kimormoni aliyestahili picha ya ukurasa mzima, Mhariri, si wale mliowapanga nyuma ya mzee.

Msiniambie ni mambo ya kale. Vijana wetu wanabatizwa katika kanisa hilo. Hapa Salt Lake City Wakongo wanasali humo kwa Kiswahili, na Nairobi wamezindua hekalu mwaka 2025. Wanaotaka kuingia waingie, ni hiari yao, na majirani zangu wa kanisa hilo sina ugomvi nao: theluji ikianguka, mlango wangu husafishwa kabla sijaamka, ingawa kahawa yangu, waliyokatazwa na dini yao, hawaigusi. Kanisa lenyewe mwaka 2013 lilichapisha maelezo ya kuikana ile nadharia kwamba weusi ni laana. Kama wao wenyewe wameandika, ninyi mnaogopa nini?

Halafu mkaandika kwamba tarehe 24 Julai 1847 Brigham Young aliingia kwenye "nyika tupu". Tupu? Jina Utah limetokana na Wayuti, wenye nchi, ambao baadaye walisukumiwa kwenye bonde la Uinta. Washoshone walikuwepo. Na Young hakuwa wa kwanza hata katika msafara wake, kwa sababu alikuwa mgonjwa. Waliotangulia waliingia tarehe 22, mmoja wao Green Flake, mtumwa. Walikuwa watumwa watatu weusi katika msafara ule.

Na maadam tumeitaja tarehe hiyo, afadhali niliseme na hili. Kila Julai jimbo hili husherehekea mara mbili, kwanza uhuru wa Marekani, kisha kuwasili kwa wahamiaji hao, na sheria inaruhusu fataki kuanzia tarehe 22 hadi 25. Mtaani kwangu kuna akina mama waliotoka Kivu Kusini na Burundi, waliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Milipuko ikianza wanakusanya watoto na kulala nao sakafuni, mbali na madirisha. Asubuhi anakuja mtu anacheka, anakupa bendera ndogo. Nimelifikisha kwa wakubwa wa mtaa, nikaambiwa nifunge madirisha. Yamefungwa!

Ninachotaka ni hiki. Mwandishi wenu asimame mbele ya sanamu za bustani ya This Is the Place, ambako mwaka 2022 Green Flake, Jane na wenzao wawili walijengewa ukumbusho, kisha ashuke mjini kwenye sanamu ya Brigham Young asome bamba la majina hadi chini kabisa, walikowekwa wale watatu kama "watumishi weusi". Kama nauli hamna, anipigie WhatsApp nimsomee bure, ila asipige Julai, sitamsikia. Kisha mchapishe makala ya pili, kurasa mbili zilezile, picha kubwa ileile. Mkikosa nafasi, ondoeni tangazo la mganga wa kurudisha wapenzi. Nakala mbili mpelekeeni mshenga wetu Ujiji, moja ya ami, na moja ya mke wake wa kwanza, ambaye nasikia makala yenu aliipenda sana.

Msomaji wenu,
West Valley City, Utah