Gitaa la dereva wetu lisitundikwe ukutani

Mhariri,

Tangu azikwe dereva yule wa trela aliyeimba kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, picha yake akiwa ameketi kwenye ngazi ya kabini na gitaa mapajani imezunguka kwenye simu za madereva kuanzia Changamwe hadi Malaba. Tunasikia familia yake, kwa nia njema kabisa, inataka kulitundika gitaa hilo sebuleni liwe kumbukumbu. Sisi tunaopiga kantri ya zamani hapa Mombasa tunawaomba, kwa heshima ya msiba wao, walitoe lipigwe.

Kwanza, ukuta utaliua. Gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na hapa kwetu asilimia 70 ni jambo la kila siku. Nyuzi sita za chuma za namba 12 (namba ni ya unene) zikikazwa kawaida huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, mchana na usiku. Mbao zikinywa maji tumbo huvimba, nyuzi hupanda juu, na mwisho daraja, kile kipande cha mbao tumboni kinachoshikilia nyuzi, hung'oka. Marehemu alilijua hilo kuliko mafundi wengi. Kabini iliyofungwa kwenye jua la yadi za Miritini hupata joto la kulainisha gundi ya mbao, ambayo huanza kulegea nyuzijoto zikipita 60 hivi. Ndiyo maana gitaa lake lililala kitandani nyuma ya kiti, limefungwa kikoi, mbali na kioo cha mbele, na halikuachwa ndani lori likiegeshwa mchana kutwa.

Siri yake nyingine ndiyo inayowashinda vijana wanaojaribu kumuiga kwa kusikiliza rekodi za simu. Alishusha nyuzi zote toni nzima, kuanzia mnene hadi mwembamba: D, G, C, F, A, D. Kwa kufanya hivyo mvuto hupungua kwa karibu moja ya tano, daraja likapumua, na sauti yake nzito ikapata mahali pa kukaa. Akitaka kupiga na wenzake, aliweka kapo, kibano cha kukandamiza nyuzi zote, kwenye freti ya pili (freti ni vile vyuma vya shingoni) na kurudi sawa na gitaa la kawaida. Anayemuiga kwa nyuzi zilizokazwa juu atakunja koo bure.

Mkono wa kulia nao una kazi yake. Ukishika G, yaani mpangilio wa vidole wa kundi la sauti za G, dole gumba hugonga uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, vidole vikapangusa nyuzi nyembamba, kisha gumba kwenye uzi wa nne, na kupangusa tena. Kwenye C, anza uzi wa tano, kisha wa sita freti ya tatu. Kwenye D, anza wa nne, kisha wa tano. Kosa la wanaoanza ni kupangusa nyuzi zote sita kila pigo. Besi hupotea na wimbo unageuka kelele za sherehe. Jizoezeni polepole mpaka gumba litembee bila kutazamwa, maneno yaje baadaye.

Kabla ya kulipiga, familia itafute fundi wa mbao mwenye subira. Apenyeze kipande cha karatasi nyuma ya daraja. Karatasi ikiingia, gundi imeachia: nyuzi zilegezwe palepale, gundi kuukuu ikwanguliwe, itiwe gundi ya mbao na daraja libanwe kwa saa 24. Gundi ya kukauka papo hapo isikaribie. Huvunjika kwa mvuto, na kuibandua ni kung'oa mbao. Kwenye freti ya 12, uzi wa sita ukae milimita 2.5 juu ya freti na wa kwanza milimita 2. Kwa umri wa gitaa hilo tungeweka nyuzi za namba 11, na baada ya kupiga zipanguswe kwa kitambaa kikavu cha pamba, maana chumvi ya bahari huanza na nyuzi mbili nyembamba. Mafuta ya nazi yabaki jikoni: kwenye freti hunata na kukusanya taka. Na tafadhali, atakayenunua gitaa la nyuzi za plastiki ili ajifunze asilifunge nyuzi za chuma. Lile limeundwa kubeba karibu nusu ya mvuto huo, na tumeona mengi yakipasuka.

Wapo wanaocheka kwamba mtu wa Pwani hana haja na muziki wa Wazungu wa mashambani. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alikuwa mfanyakazi wa reli kabla ya kurekodi mwaka 1927, na santuri zake zilifika kwetu zamani. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, magharibi mwa Kenya, wakimwimba kwa jina la Chemirocha, walivyolitamka jina lake. Muziki wa wachukuzi umepita barabara yetu kabla trela nyingi hazijatengenezwa. Dave Dudley alipowaimba madereva wa malori mwaka 1963, dereva wa Mombasa hakuhitaji mkalimani.

Kuna pia kaseti zake. Zisichezwe kwa pupa. Zenye ukungu mweupe ukingoni zisiingizwe kwenye redio mpaka zisafishwe, kwani ukungu huhamia kwenye kichwa cha kusomea na kuchafua zinazofuata. Zilizo safi zizungushwe mbele hadi mwisho na kurudishwa, ili utepe ulioganda uachie. Kile kipande kidogo cha sponji nyuma ya utepe kikidondoka sauti hufifia. Kinatolewa kwenye kaseti mbovu na kubandikwa hapo. Zinakiliwe mara ya kwanza tu zinapocheza vizuri, kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kompyuta, bila kuweka simu mbele ya spika. Zianze zile alizorekodi mwenyewe, kwa sababu hizo hazina nakala kokote.

Wapiga gitaa la kantri,
Changamwe, Mombasa