Nimemkuta mwenzangu wa kazini CTC (kliniki ya VVU), nimwombe awe msaidizi wangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi seremala, nina miaka 31, naishi Makambako. Mwezi jana nimeanza dawa za kufubaza makali ya VVU. Kwenye dawa zenyewe sina malalamiko: kidonge kimoja kwa siku, bure, na usingizi uliokuwa unakatika umerudi tangu muuguzi aniambie nihamie kumeza asubuhi. Mwenza wangu wa zamani nilishamwambia, akaenda kupima. Majibu yake anayo mwenyewe.

Shida yangu ni mtu. Kliniki wanataka nitaje msaidizi wa tiba, wa kunikumbusha dawa na hata kunichukulia nikiwa safarini. Ukisikia kwamba utafiti wa 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani kwetu Njombe wana VVU, utadhani kumpata ni rahisi. Wapi! Ukisikiliza maongezi ya karakanani kwetu, ni ugonjwa wa mikoa mingine. Chumba nalala na mtoto wa mjomba, kopo la vidonge nimelijaza pamba lisilie. Dada yangu ananipenda, ila akijua yeye mchana, jioni mama kule kijijini kashajua, na mama ana presha. WAVIU washauri wa kliniki, yaani wenzetu wenye VVU wanaotushauri, ni watu wema, lakini hawatajua siku nimechelewa porini kufuata mbao.

Sasa, siku ya kuchukua dawa nikamkuta kwenye foleni kaka mmoja ninayefanya naye kazi. Aliponiona akainamia simu. Kesho yake tukasalimiana, tukapiga randa, hakuna aliyegusia. Ila tangu hapo hanitanii tena, na alikuwa mtani wangu mkubwa.

Moyo unaniambia huyu ndiye. Ratiba yangu anaijua, na kwake nisingehitaji maelezo mengi. Lakini pengine alimsindikiza ndugu yake. Na kama ni yeye mwenyewe, hakunipa siri hiyo, nimeiona tu. Nikimfuata si ataona namtisha?

Nimewaza nimweleze habari yangu peke yake, ya kwake nisiiguse kabisa, halafu nimwachie aamue. Au nipitie kwa muuguzi? Naye muuguzi, hata kukubali tu kwamba anamfahamu ni kumtolea mtu siri.

Jina linatakiwa Jumanne. Nimwanzeje, Shangazi?

Fundi, Makambako