Aprili hatupiti

Köln, Jumapili, 11 Januari 2026

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Wazima huko Birmingham? Watoto, baba watoto, mafua ya Hamisi? Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo inatutia adabu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote ndani ya tramu, mrefu vile vile, na nimeshuka nina la kusema. Nikikujibu kwa sauti utapiga simu kabla sijafika katikati, kwa hiyo nakuandikia. Barua huwezi kuidakia.

Ni hii safari yako ya Albania, unayotaka twende Aprili.

Nakuelewa. Likizo ya Pasaka ndiyo unayopewa shuleni, nauli sasa hivi bado zina huruma, na ile picha ya bonde la Valbona, kule milima ya kaskazini, aliyoituma Salma kwenye kundi imekutoa roho. Imenitoa mimi pia. Lakini itazame tena ile picha, waangalie watu waliomo: fulana na kaptula, na yule dada wa pembeni amevua viatu katia miguu mtoni. Hiyo ni Julai, mwenzangu. Kutoka Valbona kwenda kijiji cha Theth kwa miguu ni mwendo wa saa sita mpaka nane, na katikati unavuka mlima kwenye karibu mita 1,800. Aprili pale juu ni theluji, tena si ile ya kupigia picha. Inafukia njia yenyewe. Zile alama nyekundu na nyeupe walizopaka kwenye mawe ziko chini yake, hujui unakanyaga njia au unakanyaga ukingo wa korongo.

Sikukurupuka. Nilimuuliza yule nesi mwenzangu Mwalbania, wa mji wa Shkodër kaskazini, aliyetuletea byrek ya spinachi, ile mikate yao ya kujazwa, usiku wa zamu, ile uliyonisumbua mwezi mzima nikuombee mapishi. Alicheka mpaka akaweka chini trei ya dawa. Anasema hata wao wenyewe mlima ule wanauvuka kuanzia Juni mpaka Septemba, na Oktoba kama hali ya hewa ni nzuri. Halafu akanionyesha video kwenye simu, kapiga binamu yake mwisho wa Mei: mwanamume mmoja na beleshi, anachonga ngazi kwenye theluji ili wageni wapite, na nyuma yake kuna foleni ya Wazungu wenye fimbo wanangoja kimya kama watoto wa madrasa. Mwisho wa Mei hiyo! Na wewe unataka Aprili, na kile kifundo chako cha mguu.

Na usinirudishie ile ya “sisi tumekulia Tanga, Lushoto tumepanda tangu shule ya msingi.” Lushoto tulipanda kwa basi, Mwanaidi. Wewe na Salma mkitapika kila kona.

Sasa tatizo ni tarehe, na hapo ndipo kichwa kinaniuma. Yule nesi kwanza alitaka twende Machi, kwa sababu tarehe 14 wana sikukuu yao ya Dita e Verës, ya kuuaga msimu wa baridi. Mji wa Elbasan unajaa watu, na kila nyumba inaoka ballokume, biskuti kubwa za unga wa mahindi, siagi na mayai. Nikatazama kalenda: bado tumo ndani ya Ramadhani. Twende Elbasan tukakae kibarazani tukiwatazama wenzetu wanakula biskuti?

Aprili basi, tukiing'ang'ania, inawezekana kwa sharti kwamba tuisahau milima ya kaskazini. Twende kusini. Berat na zile nyumba nyeupe zilizopandiana kilimani, ni madirisha tu kwenda juu. Gjirokastër ambako mpaka mapaa ni ya mawe, na ndiko alikozaliwa Enver Hoxha, yule mtawala wao wa kikomunisti aliyeijaza nchi nzima mahandaki ya zege, mpaka leo yapo mashambani kondoo wanalala humo. Miji yote miwili iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kuna bahari pia. Ni safari nzuri na sina ubaya nayo, ila najua ukifika Berat utakaa siku mbili unaangalia milima kwa mbali, na ya tatu utaanza, “hivi kweli tumekuja Albania bila ya kupanda?” Nakujua.

Inabaki ile wiki yenu ya mapumziko ya Mei, tarehe 25 mpaka 29. Mimi Jumatatu ile huku ni sikukuu, naongezea siku zangu za likizo, mambo yanakaa. Isipokuwa Idi Kubwa nayo inaangukia tarehe 27 au jirani yake, mwezi utakavyoandama. Najua. Nimeshamsikia mama mkwe wako toka huku.

Lakini nisikilize kwanza. Idi tuiswali Tirana, mji wao mkuu. Pale kati ya mji kuna uwanja wa Skanderbeg, watu wanatandika miswala uwanja mzima, na pembeni ndipo ulipo ule msikiti mdogo wa Et'hem Bey wenye michoro ya miti na maporomoko ya maji ukutani. Nchi hii mwaka 1967 serikali ilipiga marufuku dini zote, misikiti na makanisa vikafungwa, vingine vikabomolewa, vingine vikageuzwa ghala. Ule wa Et'hem Bey watu waliuingia tena Januari 1991, bila ya kibali cha mtu. Mama yake huyu nesi alikuwa msichana wakati wa marufuku. Anasema bibi yake alikuwa akifunga kwa siri, na mchana wakija wageni anashika kikombe cha kahawa mkononi mpaka wanaondoka, hakinywi. Niliposikia hiyo nikasema basi, Idi yangu ya mwaka huu nataka iwe pale. Siku hiyo kwao ni ya mapumziko kitaifa, na Pasaka zote mbili pia, ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi, na Nevruz, sikukuu ya Wabektashi, wale wa tarika ya Kisufi, Machi 22. Kwa sikukuu hawana ubahili.

Kesho yake tunapanda gari kwenda Shkodër. Keshokutwa, na hapa nakuomba ukae chini, tunaamka alfajiri, kwa sababu vile vibasi vyao vya furgon vinatoka Shkodër kama saa kumi na mbili na nusu kuwahi meli ya Koman ya saa tatu. Wewe na kuamka! Ila hiyo meli peke yake inatosha nauli. Mto Drin waliuziba kwa ajili ya umeme, maji yakajaa korongo zima, sasa meli inapita katikati ya miamba iliyosimama wima kulia na kushoto, zaidi ya saa mbili, na njiani inasogea ukingoni kumshusha mtu mmoja na gunia lake la unga mahali ambapo huoni nyumba wala barabara. Anapanda tu na njia ya mbuzi, anapotea. Ukishuka Fierza unachukua gari mpaka Valbona, na tunalala huko. Chakula cha nyumbani, chai ya mlimani, na milima yako yote mbele ya dirisha, na theluji yake, ikiwa kule juu na sisi huku chini.

Kuvuka kwenda Theth? Tutawauliza wenyeji jioni tukifika. Wakisema njia imefunguka, tutazungumza. Wakisema bado, tunarudi na meli ile ile, na Theth tunaingia kwa gari kutokea Shkodër, maana barabara siku hizi imetiwa lami. Lakini sitaki kusikia “tujaribu tu mpaka katikati.” Hiyo “mpaka katikati” yako ndiyo iliyotulaza Amboni usiku ule, na wewe unajua.

Sasa la Salma. Wewe na pasipoti yako ya Kiingereza huna tabu, unaingia bila viza. Mimi kibali changu cha Ujerumani kinatosha, maana Albania wanampokea mwenye kibali kilicho hai cha kuishi nchi za Schengen, zile za Ulaya zisizokaguana mipakani. Na Salma vilevile, na pasipoti yake ya Tanzania, ila kibali chake cha Sweden kinaisha Aprili na ndiyo kwanza kapeleka maombi. Albania haimo kwenye Schengen, kwa hiyo tatizo si kuingia tu, ni kurudi nyumbani. Mwambie asinunue tiketi kabla kadi mpya haijawa mkononi. Mimi nikimwambia ananuna, wewe anakusikiliza. Tangu yale ya harusi ya Batuli ananijibu kwa vidole gumba tu.

Pesa, kabla sijasahau: pesa yao ni leki, na euro moja ni karibu leki 100. Walikata sifuri moja kwenye leki mwaka 1965 lakini watu mpaka leo wengine wanataja bei kwa hesabu ya zamani. Kahawa ya leki mia unaweza ukatajiwa elfu. Si wizi, usianze ugomvi. Muombe akuandikie kwenye karatasi. Na akitikisa kichwa kushoto na kulia usikate tamaa, huyu wa kwetu wodini akitikisa hivyo ana maana ndiyo. Nilichukua muda kuelewa kwa nini kila nikimwuliza kama amekula anakataa halafu ananawa mikono akaendelee na kazi kashiba.

Haya, nijibu. Mama mkwe utamwambia wewe au tumtume Bi Mkubwa? Watoto Idi watakaa na baba yao, au atawapeleka Leicester kwa shangazi yao? Kile kifundo umekwenda kukionyesha kwa daktari au bado unakipaka Vicks? Una viatu vya mlimani au tena zile raba nyeupe? Mapishi ya byrek yalikubali? Na kama Salma kadi yake ikichelewa tunakwenda wawili, au tunasogeza wote mpaka Juni na wewe unaomba ruhusa shuleni? Mwalimu mkuu wenu mpya anaombeka? Nataka jibu kabla ya Ijumaa, fomu za likizo za Mei wodini zinafungwa siku hiyo na wenye watoto wadogo wanapewa kwanza.

Nisalimie wote, na Hamisi mpe asali na ndimu, si ile dawa ya chupa.

Wako,
Zuhura