Asante, mama wa jumuiya uliyekuja kutuombea

Tangu tuhamie nyumba hii watoto walikuwa wakishtuka usiku wakilia, na tulishashauriwa tutafute mganga. Mama mmoja wa jumuiya yetu alisikia, akaja jioni na Biblia na chupa ya maji ya baraka. Hakututisha, hakutaja mchawi, na hata nauli aliikataa. Alituketisha sebuleni, akasoma Zaburi ya 91, kisha akapita chumba kwa chumba, hadi stoo, akinyunyiza na kuomba huku watoto wakiitikia. Akiaga, alimkabidhi mume wangu kazi ya kuongoza sala kila usiku. Kwangu hilo ndilo lililotufaa zaidi.

Mama, Mungu akubariki. Nawe mwenye jirani anayeiogopa nyumba yake, mtembelee, kabla hajafika wa kudai kuku mweusi.