Mtoro wa methadone aulizwe kesho yake, si mwisho wa mwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu kliniki za methadone, dawa ya kunywa wanayopewa walioacha heroini, ambazo nimezijua kwa kukaa kwenye mabenchi yake.

Mdogo wangu alitumia unga kwa miaka. Siku hizi kila asubuhi anapanda daladala, anafika dirishani, anataja namba yake, anakunywa dawa mbele ya muuguzi, kisha anasemeshwa kidogo ili ihakikishwe kuwa amemeza. Dozi na tarehe vinaandikwa. Jumapili anaandikwa, Idi anaandikwa. Hata mjamzito haandikwi kiasi hicho.

Mwaka jana alikutwa na TB, akaanzishiwa vidonge zahanati ya jirani na kwetu. Wiki ya pili akaanza kulalamika kwamba methadone "haishiki": miayo, makamasi, viungo vinauma, usingizi hakuna. Arosto ile ile aliyoikimbia. Kumbe rifampisini, iliyomo kwenye vidonge vya TB, hulifanya ini liiondoe methadone mwilini haraka, na dozi iliyokuwa ikimtosha mtu haimtoshi tena. Wataalamu wanalijua hili siku nyingi. Dozi hupandishwa, mambo yanakwenda. Ila daftari moja lilikuwa zahanati na jingine kliniki, na hayajawahi kukutana. Aliposema dirishani akaonekana mjanja anayetaka kuongezewa. Akarudi kijiweni. Siku sita mstari wake kwenye rejista ulikaa mtupu, na hakuna aliyenipigia, ingawa namba yangu imo kwenye faili lake tangu alipoandikishwa.

Wauguzi siwalaumu, foleni ile naijua. Tatizo ni kwamba tunaandika sana na kusoma kidogo. Mwisho wa mwezi MTUHA, ile ripoti ya takwimu za huduma za afya, inajazwa, wanaume wangapi, wanawake wangapi, jumla inapandishwa juu. Jumla haikwambii kwamba fulani hajaonekana tangu Jumanne. Na kwa mtu wa methadone siku sita ni nyingi mno: mwili umeshasahau, akijidunga kipimo chake cha zamani anaweza kufa, na hata dozi ya kliniki hawezi kurudishiwa ile ile bila kupimwa upya.

Kumfuatilia mgonjwa asiyefika lingekuwa jambo geni ningenyamaza. Kliniki za VVU zinalifanya. Mgonjwa wa CTC, kama kliniki hizo zinavyoitwa, ana namba yake ya kadi, asipofika tarehe yake anaingia kwenye orodha, na mhudumu wa jamii anamfuata nyumbani. Neno "mtoro wa dawa" nimelisikia huko. Methadone ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaenea hadi Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Orodha ya watoro ya kila jioni haihitaji mradi wala mfadhili, inahitaji mtu mmoja na simu yenye salio. Namba ya mgonjwa nayo iwe moja, methadone, TB na CTC. Leo akipelekwa kwa daktari wa akili kwa ajili ya sonona, ambayo ni ya kawaida mno kwa watu hawa, anafunguliwa faili jingine na kuanza kujieleza upya, tangu sigara ya kwanza.

Nilipomweleza mdogo wangu haya hakufurahi. "Dada, hiyo orodha ikiangukia kwa askari je?" Simcheki. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ndiyo inayokamata, na ndiyo hiyo hiyo inayoratibu tiba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini pale dirishani sijawahi kusikia mtu akiambiwa hivyo. Ibandikwe ukutani, kwa lugha ya kijiweni ikibidi, kwamba jina la mgonjwa haliendi polisi. Majina yabaki kliniki, juu zipelekwe hesabu tu. Bila hivyo watatoa majina ya uongo, na takwimu zote zitakuwa za watu wasiokuwepo.

Siku ya saba nilimfuata kijiweni mwenyewe, nikamrudisha. Wakampima, wakaanza naye chini, wakapandisha pole pole. Vidonge vya TB bado anaendelea navyo, na kadi yake ya zahanati naibeba mimi kwenye pochi. Kila Jumatatu naipitisha dirishani waione.

Dada wa mgonjwa,
Dar es Salaam